Luku moja, vyumba sita: wenye nyumba wajiandae vipi kabla sheria haijabisha hodi

Ni tarehe mosi asubuhi. Luku ya nyumba imebakiza uniti mbili na nukta kidogo, na taa nyekundu inamemeta. Wapangaji wote wameiona, lakini hakuna anayenunua. Kila mmoja anajua kwamba atakayenunua wa kwanza mwezi huu ndiye atakayekatwa Sh 1,500 ya kodi ya jengo, na jengo si lake.

Kama umewahi kupanga chumba Makuyuni, Mombo au Hale, au upande wa Handeni kule Mkata na Kabuku, huhitaji kusimuliwa hali hii. Wanaopanga ni mwalimu aliyehamishiwa shule ya kata, muuguzi wa zahanati, kijana wa bodaboda, mfanyakazi wa shamba la mkonge, mama anayeuza chakula kando ya barabara. Wanaopangisha nao si matajiri. Ni mzee aliyejenga kwa kiinua mgongo, au mama aliyemalizia vyumba vya uani kwa fedha ya mahindi. Wote wanaangalia mita ileile ukutani.

Makala haya ni ya pande zote mbili, ila zaidi tunazungumza na wenye nyumba. Mwenye nyumba anayegawa umeme kwa wapangaji, anayeamua nani achangie kiasi gani, anayekataza jiko au pasi, tayari anafanya kazi ya muuza nishati. Hakuiomba kazi hiyo, na wala hana leseni yake. Lakini nchi nyingine zimeanza kuwaandikia sheria watu wa aina yake, na hapa kwetu sheria ya kusimamia upangishaji imekuwa ikizungumzwa kwa miaka. Ni nafuu kujiandaa sasa kuliko kuja kukimbizana na tarehe ya mwisho.

Uniti ni moja, bei si moja

Wengi wetu tunaamini umeme una bei moja. Hapana. Bei haipangwi na TANESCO peke yake. Huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Viwango vya msingi tunavyotumia vilianza Aprili 2016, na kwa nyumba za kawaida viko viwili.

Cha kwanza huitwa D1. Ni cha mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja ni Sh 100. Ukizidisha 75, kila uniti ya ziada inakuwa Sh 350. Cha pili ni T1, cha matumizi ya kawaida ya nyumba na biashara ndogo, na uniti moja ni Sh 292. Juu ya bei hizo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA. Jumla ni asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya D1 inakufikia mkononi kwa Sh 122, na ya T1 kwa Sh 356. Ndiyo maana mtu mmoja akinunua umeme wa Sh 1,000 anapata uniti 8.2, na jirani yake kwa elfu moja hiyo hiyo anapata 2.8, kisha wanaanza kushuku kwamba mita ya mmoja wao ina ugonjwa. Mita ni nzima. Wako kwenye makundi tofauti.

Sasa rudi kwenye nyumba yetu ya vyumba sita. Tuchukue kwamba kila chumba kinatumia uniti 20 kwa mwezi: taa, simu, redio, televisheni ndogo. Hayo ni matumizi ya mtu wa kipato cha chini kabisa, yule hasa ambaye bei ya D1 iliwekwa kwa ajili yake. Lakini mita haijui kwamba ndani kuna kaya sita. Inaona mteja mmoja anayetumia uniti 120 kila mwezi, na mteja wa uniti 120 hakai D1. Nyumba inahesabiwa T1.

Piga hesabu. Uniti 120 kwa bei ya T1 ni kama Sh 42,750. Ukigawa kwa sita, kila chumba ni Sh 7,125. Vyumba hivyo sita vingekuwa kila kimoja na mita yake ya D1, kila mpangaji angelipa Sh 2,440 kwa uniti zilezile 20, na nyumba nzima ingelipa Sh 14,640. Tofauti ni Sh 28,110 kila mwezi. Fedha hiyo haiendi kwa mwenye nyumba. Inaondoka tu, kwa sababu watu sita wamesimama nyuma ya mita moja.

Hili ni jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Tunalaumu sana wenye nyumba kwa ugomvi wa luku, na wengine wanastahili lawama, lakini sehemu kubwa ya hasara inatokana na mpangilio wenyewe. Bei ya mnyonge imefungwa kwenye mita, na mnyonge anayepanga hana mita.

Kodi ya jengo iko mfukoni mwa nani?

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia luku Agosti 2021. Mwanzoni ilikuwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tangu Julai 2023 ni Sh 1,500, yaani Sh 18,000 kwa mwaka. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na ukipitisha miezi bila kununua, deni linajikusanya na kukusubiri.

Kodi hii ni ya mmiliki. Hilo halina ubishi. Wakati utaratibu unaanza, Serikali yenyewe ilieleza kwamba mpangaji atakayekatwa aelewane na mwenye nyumba ili arudishiwe au apunguziwe kwenye kodi ya chumba. Neno "waelewane" ni rahisi kulitamka ukiwa ofisini. Uani kwa mtu lina uzito mwingine. Mpangaji wa miezi mitatu atamwendea vipi mama mwenye nyumba, baada ya shikamoo, na kumwambia, "Mama, nakudai elfu moja na mia tano"? Wengi wanaona aibu, wengine wanaogopa kuambiwa watafute chumba kwingine. Wananyamaza, halafu wanategeana kununua.

Kwa mwenye nyumba, hili ndilo la kusahihisha kwanza, maana halihitaji fundi wala ruhusa ya mtu. Nunua wewe umeme wa kwanza wa kila mwezi, hata wa Sh 2,000, kodi ikatwe kwako, kisha wapangaji waendelee. Au andika kwenye mkataba kwamba Sh 18,000 za mwaka zinatolewa kwenye kodi ya chumba. Kumbuka pia kwamba jengo moja lenye mita zaidi ya moja hukatwa kodi hiyo kwenye mita moja tu. Ukiona mita mbili za jengo moja zote zinakatwa, hilo ni suala la kupeleka TRA ukiwa na namba za mita hizo. Tunalisema kwa sababu wapo wenye nyumba wanaoogopa kuongeza mita wakidhani kila mita inakuja na kodi yake.

Marufuku ya jiko

Kuna tangazo ambalo halijaandikwa popote lakini lipo karibu kila nyumba ya kupanga: hakuna pasi, hakuna hita ya maji, hakuna jiko la umeme. Mwenye nyumba halitoi kwa ukatili. Anajua kwamba chumba kimoja kikianza kupika kwa umeme, vingine vitano vitakuja kushtaki kwamba wanamlipia mwenzao ugali.

Wakati huohuo Serikali inasema kinyume. Mei 2024 ilizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu wengi zilishapewa tarehe za kuachana na kuni na mkaa. Kwenye redio tunasikia kila siku habari za gesi na majungu ya umeme ya presha. Lakini mpangaji anayesikiliza matangazo hayo yuko kwenye chumba ambacho jiko la umeme limepigwa marufuku, na mtungi wa gesi anaufungua mlangoni kwa sababu chumba ni cha kulala na kupikia humohumo.

Tufanye hesabu nyingine. Jungu la presha la wati 1,000 likivuta umeme kwa jumla ya nusu saa, limekula nusu uniti. Kwa bei ya D1 hiyo ni Sh 61. Kwa bei ya T1 ni Sh 178. Mpangaji anayepika mara mbili kwa siku kwa mtindo huo anatumia uniti 30 kwa mwezi. Ukijumlisha na zile 20 za taa na televisheni ni uniti 50, bado yuko chini ya 75, na kwenye mita yake ya D1 analipa Sh 6,100.

Zirudie namba hizo taratibu. Mwenye mita yake, anayepika kila siku kwa umeme, analipa Sh 6,100. Anayechangia luku ya pamoja na haruhusiwi kupika kwa umeme analipa Sh 7,125, kisha anakwenda kununua mkaa. Mkakati wa nishati safi hauwezi kufika kwenye vyumba vya kupanga bila kupita kwenye mita, na kwa maoni yetu waandaaji wake wameiangalia zaidi bei ya jiko kuliko ukuta ambao mita imebandikwa.

Wenzetu wameanza kuwabana wagawaji

Uingereza ni nchi ya baridi, na karibu kaya nusu milioni kule hazina chombo chao cha kupashia nyumba joto. Joto linatoka kwenye mtambo mmoja wa jengo au wa mtaa, maji ya moto yanapita kwenye mabomba hadi kila nyumba, na anayegawa mara nyingi ni mwenye jengo: halmashauri, chama cha nyumba au kampuni.

Kwa miaka mingi, aliyenunua umeme au gesi moja kwa moja kutoka kampuni alilindwa na msimamizi wa nishati anayeitwa Ofgem, aliyewekewa kikomo cha bei. Aliyepata joto kupitia kwa mwenye nyumba hakulindwa. Mwaka 2022 bei ya gesi ilipopaa Ulaya, watu hao waliona bili zikipanda bila kikomo, kwa sababu mwenye jengo alikuwa ananunua gesi kwa bei ya kibiashara. Ndipo Bunge likapitisha sheria ya nishati ya 2023, na tangu 27 Januari 2026 Ofgem imeanza kuwasimamia wagawaji wa joto pia. Wanatakiwa kujisajili, kutoa bili inayoeleweka, kutoza bei ya haki, kuwajali wagonjwa na wazee, na mteja asiyeridhika ana mahali pa kushtaki nje ya ofisi ya mwenye nyumba.

Sisi hatuhitaji mabomba ya joto Korogwe, jua linatosha. Tunachoweza kuchukua ni lile swali walilojiuliza: kwa nini mtu apoteze kinga ya mteja kwa sababu tu kati yake na kampuni ya umeme amesimama mwenye nyumba? Na swali hilo ni gumu zaidi kwa wenye majengo yasiyo na mita za kila nyumba. Hawana namba za kuonyesha nani ametumia nini.

Hapa sheria inasema nini?

Inasema mambo mengi kuhusu umeme na machache sana kuhusu uani. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka biashara ya umeme iwe na leseni chini ya EWURA, lakini iliandikwa ikiwafikiria watu wenye mitambo na nyaya, si mama mwenye vyumba sita. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mahusiano ya mpangaji na mwenye nyumba yanaongozwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 na makubaliano yao wenyewe, ambayo vijijini mengi ni ya mdomo. Wizara ya Ardhi imekuwa ikieleza kwamba inaandaa sheria ya kusimamia sekta ya milki, itakayogusa wapangishaji na madalali. Ikija, ni vigumu kuamini itazungumzia kodi ya chumba na kuiacha luku, kwa sababu ugomvi wa luku ndio unaojaza meza za wenyeviti wa vitongoji.

Mpaka hapo, mpangaji mwenye malalamiko anaanzia kwa mwenyekiti, kisha Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu, na baadaye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu kwa ajili ya Sh 1,500. Kuhusu huduma ya umeme yenyewe unaweza kwenda TANESCO na EWURA, ila EWURA humtambua mteja mwenye mita. Wewe unayechangia, kwenye vitabu vyao haupo.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Kuvuta waya kutoka nyumba yako kwenda nyumba ya jirani, hata kwa wema, TANESCO hairuhusu na imekuwa ikikemea mara kwa mara. Tunazungumzia vyumba vya jengo moja na uani wake. Waya uliopita juu ya mchongoma kwenda kwa jirani ni hatari ya moto na ya kesi.

Kazi ya kufanya kabla ya sheria

Suluhisho la kweli ni kila chumba kiwe na mita yake ya TANESCO. Kijijini ada ya kuunganishwa ni Sh 27,000. Vyumba sita ni Sh 162,000. Mjini, kama Korogwe Mji au Handeni Mji, mambo ni mengine: kwa nyumba isiyohitaji nguzo ada ni Sh 320,960 kwa mita moja, na mita sita zinakaribia milioni mbili. Kwa hiyo ukiwa kijijini una nafasi ambayo mwenzako wa mjini hana, nawe usiichelee. Maeneo yanayokua hupandishwa hadhi, na ada hufuata. Uliza kwanza ofisi ya TANESCO eneo lako linahesabiwa kijiji au mji, maana mengine yaliyo kando ya barabara kuu yanaonekana kijiji kwa macho na si kijiji kwenye karatasi.

Ada siyo gharama yote. Kila mita inahitaji nyaya zake na swichi yake kuu, na kazi hiyo lazima ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ambaye ndiye atakayesaini fomu. Hapa ndipo watu wanapopunja. Fundi wa mtaani atakuambia anaweza, na anaweza kweli, lakini TANESCO hawatapokea saini yake. Kwa vyumba vidogo uliza kuhusu kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho kinapunguza kazi ya kufunga nyaya. Maombi yenyewe yanafanyika kwa simu kupitia mfumo wa NIKONEKT ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa.

Mwenye nyumba atauliza: nigharimike mimi, anufaike mpangaji? Swali ni la haki, na bila kulijibu hakuna mita itakayofungwa. Tumeona kwamba mpangaji akihamia D1 anaokoa karibu Sh 4,700 kwa mwezi. Mkubaliane kodi ya chumba ipande Sh 2,000. Yeye bado anabaki na nafuu ya zaidi ya Sh 2,600, na wewe vyumba sita vinakurudishia Sh 12,000 kwa mwezi. Ada ya mita zote inarudi ndani ya miezi 14, na ongezeko hilo likiendelea linalipa na fundi. Baada ya hapo una nyumba ambayo kila chumba kina luku yake, na kila dalali wa vyumba anajua hiyo ni sifa ya kwanza wapangaji wanayoulizia. Mita ziandikishwe kwa jina lako. Mpangaji akihama anaondoka na godoro lake, mita inabaki. Na kwa kuwa luku inalipwa kabla, hawezi kukuachia deni la umeme.

Bakiza mita moja ya pamoja kwa taa ya nje, choo na pampu kama ipo. Hiyo ilipe wewe, uiingize kwenye kodi.

Kuhusu kundi la D1, usidhani litakuja lenyewe. Unapoomba, sema wazi kwamba ni chumba cha kuishi kaya moja yenye matumizi madogo, na ukishaanza kununua angalia unapata uniti ngapi kwa elfu moja. Ukipata 2.8, umewekwa T1. Rudi ofisini uombe kuangaliwa matumizi yako. Na mpangaji aelewe kwamba D1 ina masharti. Akifunga friji ya kuuzia barafu na kuvuka uniti 75, kila uniti ya juu inamgharimu Sh 427 pamoja na kodi, na akizoea kuvuka atahamishwa.

Asiyeweza mita sasa hivi, aweke sabmita, ile mita ndogo inayosoma matumizi ya kila chumba nyuma ya luku ya nyumba. Haileti bei ya D1, na tusidanganyane juu ya hilo. Inaondoa ugomvi wa nani ametumia nini, na inakuwezesha kuruhusu jiko, kwa sababu anayepika atalipa uniti zake. Ila sabmita ndiyo mahali ambapo mwenye nyumba hujaribiwa. Uniti umeinunua Sh 356. Ukimtoza mpangaji Sh 356, umegawa umeme. Ukimtoza Sh 500, umeuza, na Sh 144 juu ya kila uniti ni faida kwenye biashara isiyo na leseni. Wako wanaosema hiyo ni ya kufidia mita na waya. Basi isemwe hivyo, iandikwe kiasi gani na hadi lini, kama deni lingine lolote. Tunasema hivi tukijua kwamba sheria yoyote itakayokuja, mahali popote ilipoandikwa, huanza na swali hilo: ulinunua kwa bei gani, ukauza kwa bei gani, onyesha risiti.

Kwa hiyo tunza risiti. Ujumbe wa luku unaoingia kwenye simu una mchanganuo wote: gharama ya umeme, VAT, REA, EWURA, na kodi ya jengo kama imekatwa. Badala ya kuufuta ukishaingiza tokeni, utume kwenye kundi la WhatsApp la nyumba, au uunakili kwenye daftari linaloning'inia karibu na mita: tarehe, aliyenunua, kiasi, uniti, kodi iliyokatwa. Mpangaji naye afanye hivyohivyo. Daftari la mwaka mmoja linatosha kuonyesha mbele ya Baraza, mbele ya TANESCO, au mbele ya mama mwenye nyumba mwenyewe, ambaye mara nyingi hajui kwamba nyumba yake inateketeza Sh 28,000 kila mwezi kwa sababu ya mita moja.

Hale iko wilayani humu humu Korogwe. Mitambo yake imekuwa ikifua umeme wa maji ya mto Pangani tangu 1964, miaka mingi kabla ya waya kufika vijiji vingi vinavyoizunguka. Leo Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115, na umeme wa kutosha upo kwenye gridi. Kilichobaki kwa mpangaji wa Makuyuni ni zile mita chache kutoka nguzo hadi mlango wa chumba chake, na hizo ziko mikononi mwa mwenye nyumba, fundi mwenye leseni, na fomu ya Sh 27,000.